Mkono wa Namba Moja

Kituo cha kupimia majani chai kilicho juu kidogo ya Kimulot kina paa la mabati, mizani ya kuning'inia, na benchi moja ambalo wanaume wa pale hulilinda kuliko boma zao. Lori la kiwanda linatakiwa kufika mchana. Halijawahi kufika mchana. Kwa hivyo watu hukaa hapo na vikapu vyao, wakinywa chai ya Chepkemboi na kuipanga dunia upya. Siasa waliiacha mwaka wa tisini na mbili, baada ya zile fujo za mpakani kati yao na Wakisii, walipoona siasa inaweza kuchoma nyumba ya mtu unayemjua. Wakahamia kwenye ngumi, kwa sababu wanaopigwa wako Amerika. Aprili hiyo ya tisini na tano, mvua ikiwa imeshika kweli kweli, kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa kubwa: kuwapanga mashoto bora wa dunia, yaani mabondia wa mkono wa kushoto, kutoka wa kwanza hadi wa tano.

Mwenye neno la mwisho alikuwa mzee Kipkosgei. Walimwita Refa, kwa kuwa benchi likigombana, yeye ndiye hukata neno. Lakini siku hiyo Refa mwenyewe alikuwa na kikapu ambacho hakijafika hata nusu, na aibu ya kikapu kile alikuwa ameifunika na koti. Si kwamba shamba lilikosa majani. Majani yalikuwa yanakomaa mtini mpaka jirani wanauliza. Janeffer, binti yake, mchumaji ambaye mikono yake haijui kupumzika, alikuwa amegoma. Alisema hatachuma jani hata moja mpaka baba yake aseme ndiyo au hapana juu ya Kepher Oyaro, na aseme kwa mdomo, sio kwa kukohoa.

Huyo Kepher alikuwa kijana wa Kikisii, fundi wa mashine kwenye mashamba makubwa, mpole, na Refa alimpenda tangu siku ya kwanza. Shida ilianza siku alipokuja kujitambulisha. Ugali ukaletwa kwenye sahani moja ya wanaume wote. Kijana akanawa, akaomba, halafu akamega na mkono wa kushoto. Ndugu za Refa wakaondoa mikono yao mmoja mmoja, wakasema wameshiba, na walikuwa hawajala kitu. Usiku walisema kijana hana adabu. Hakuna aliyesema ni Mkisii, hata kidogo. Ilikuwa tu mkono, mkono, mkono. Refa akakohoa. Sasa kwa kina Kepher wametuma neno kwamba wiki hii mtu atakuja kuchukua jibu, na likikosekana, kijana atatafuta mke kwingine. Ndiyo maana Refa alikimbilia benchi mapema, ambako maswali ni rahisi.

– Namba moja ni Hagler, akaanza Alfayo, mtengeneza redio. Wanamwita Fundi Moshi, kwa sababu redio ikitoka kwake huwa inatoa moshi kabla ya habari.

– Hagler si alipigwa na Leonard? akauliza Orina. Huyu ni Mkisii wa hapo hapo, muuza ndizi, ameishi Kimulot mpaka watu wamesahau alikuja lini. Jina lake la benchi ni Kamati, maana kwake kila jambo lazima liundiwe kamati.

– Alipigwa? Weee! Hiyo aliibiwa. Hizo pointi zilihesabiwa na mwizi.

– Kama ni kuibiwa, Whitaker ndiyo aliibiwa zaidi. Alimchapa Chavez dunia ikiona, wakasema ni droo.

– Wewe uliona?

– Nilisikia kwa redio.

– Redio gani?

– Si ile yangu ulitengeneza.

– Basi hukusikia kitu.

Wakacheka, Fundi Moshi mwenyewe akicheka zaidi. Refa akatoa uamuzi: Hagler wa kwanza, Whitaker wa pili. Ilimpa raha kukata neno na kuona watu wazima wakitii. Nyumbani hakuna mtu aliyekuwa anamtii wiki hiyo, hata mbwa.

– Na Moorer? Kamati akauliza. Shoto wa kwanza kushika mkanda wa uzito wa juu!

– Na mwaka huo huo akaangushwa na Foreman, mzee mwenye kitambi, mchungaji wa kanisa! akasema Refa. Huyo hata namba kumi simpatii.

– Sikilizeni mimi, akasema Johana, mtengeneza baiskeli, ambaye huitwa Puncha. Nyinyi mnajua mashoto kwa gazeti. Mimi nimepigwa na mmoja. Pale holi ya wafanyikazi, nikiwa kijana. Nilikuwa nimechunga mkono yake ya kulia vizuri sana. Nikiwa bado nachunga, nikaamka kwa dispensari.

Kwa heshima ya ajali hiyo wakamsogezea nafasi kwenye benchi.

– Siri ni moyo, akasema Fundi Moshi. Moyo iko wapi? Kushoto. Damu ikitoka hapo inafika mkono wa kushoto ikiwa moto. Ile ya kulia inatembea mbali, inafika imepoa kama hii chai ya Chepkemboi.

– Chai yangu ilikuwa moto, Chepkemboi akajibu kutoka kibandani. Ni wewe umeshika kikombe moja tangu asubuhi ukihubiri.

– Moyo ni kitu kidogo, akasema Kamati. Mimi nimesikia Amerika kuna kamati ya serikali. Inapita nyumba kwa nyumba ikitafuta watoto mashoto. Wakipata mmoja, mama anapewa ng'ombe na mtoto anapelekwa kambi.

– Ng'ombe Amerika?

– Ya gredi, ile ya maziwa mengi!

– Wacha niwaambie sasa, Puncha akasimama. Dunia inazunguka, si ndiyo? Inazunguka kwenda kushoto. Kwa hivyo ngumi ya kushoto inasukumwa na mtu, halafu inasukumwa na dunia yote. Na hapa kwetu, karibu na ikweta, dunia ndiyo inakimbia zaidi. Shoto wa hapa Kimulot akipelekwa Amerika, ataua mtu!

– Ai, sasa mbona hatujawahi kutoa hata mmoja? Kamati akauliza.

Fundi Moshi akasema ni ukosefu wa kocha. Puncha akasema ni serikali, haipendi watu wa majani. Refa akainamia kikombe. Yeye alijua. Wote walijua, kama wangejiuliza dakika moja. Hakuna boma pale ambako mtoto akishika chakula na kushoto hapigwi kofi la mkono mpaka ajifunze. Mashoto wa Kimulot waliisha wote kabla ya kufika shule. Lakini hilo halikuwa neno la kusema kwenye benchi, kwa hivyo akaleta la ng'ombe.

– Mambo ni rahisi, akasema. Ng'ombe amezoea ukamkamue kutoka upande moja. Siku moja uende upande ile ingine, atafanya nini?

– Atakupiga teke!

– Hatakupiga. Kwanza atashangaa. Sasa bondia wa kulia akikutana na shoto ni huyo ng'ombe. Na akiwa bado anashangaa, ameshapigwa. Shoto hana uchawi. Ni sisi tumezoea upande moja tu.

Benchi lote likapiga makofi. Refa akatabasamu. Kisha maneno yake mwenyewe yakamrudia, na tabasamu likakauka.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni aliyekuwa amejikinga mvua pale kwa Chepkemboi, na mwavuli wake umefungwa magotini. Alikuwa amemaliza chai muda mrefu, akisikiliza tu. Sasa akasogea.

– Samahani wazee wangu. Mimi ngumi sijui. Hawa watu mnasema, ni watu wa maana sana?

– Sana, mama! akasema Fundi Moshi. Tungepata mmoja hapa, tungempatia shamba!

– Na mke, akaongeza Puncha. Achague mwenyewe!

– Mungu awabariki. Sasa huyo namba moja, huyo Hagler. Akiwa kwake nyumbani, chakula alikuwa anakula na mkono gani?

Fundi Moshi akainua kikombe chake kilichopoa, akanywa. Puncha akajaribu:

– Si wazungu na watu wa Amerika wanatumia uma?

– Na hiyo uma anashika na mkono gani?

– Hiyo, akasema Kamati polepole, ingefaa tuunde kamati.

Hakuna aliyecheka. Hadithi ya ile sahani ilikuwa imefika kwenye kila jiko la Kimulot, na sasa walikuwa wameona mama huyu amekuja kufanya nini. Wakamgeukia Refa, akate. Akakohoa. Wakaendelea kumtazama.

– Mzee Kipkosgei, akasema mama, mimi ni Yunia, shangazi yake Kepher. Nilikuwa nakuja kwako, mvua ikanishika hapa. Tulisikia kijana alikosea na mkono. Tumemwambia ajirekebishe. Amejaribu, mpaka chakula inamwagika kwa shati. Nauliza tu, akizoea mkono wa kulia, mtampa msichana?

Hapo ndipo Refa alipochoka. Alichoka na ndugu zake, akachoka na koo lake, na zaidi alichoka kumwona Orina, Kamati wao wa Kikisii, akiinamia vidole vya miguu, Orina ambaye wamekaa naye benchi moja miaka yote hii na ambaye alijua jibu kabla ya mtu yeyote.

– Hapana, akasema Refa. Ndugu zangu wasingempa.

– Hata na kulia?

– Hata na kulia. Haikuwa mkono, mama. Tangu mwanzo haikuwa mkono. Ndugu zangu wanajua, na mimi najua, na huyu Orina hapa anajua, lakini hakuna mtu alitaka kusema.

Mvua ikapiga mabati. Orina akainua macho.

– Na wewe mwenyewe? Yunia akauliza. Binti ni wako.

– Mimi nasema ndiyo. Mwambie alete wazee wake. Na awache kumwaga chakula, akule vile Mungu alimuumba.

– Ndugu zako wakiondoa mikono tena?

– Wataondoa, najua, akasema Refa. Ugali itabaki, na mimi na yeye tutamaliza.