Kipengele cha Tisa: Kazi ya Marehemu

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, familia imenituma mimi, kaka mkubwa wa marehemu, karani mstaafu wa masjala ya vizazi na vifo, nisimame hapa niwasomee habari za maisha ya mdogo wetu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba mazishi haya yalikuwa yafanyike jana, yakasogezwa siku moja kwa sababu ya kosa la maandishi, na aliyelifanya kosa hilo ni mimi, nitalieleza likifika mahali pake. Majina yake kamili mnayo kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni, ila najua wengi wenu mlimjua kwa jina la Nusu Dakika, basi na mimi, ingawa silipendi, nitalitumia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1975, siku ya Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba yetu, fundi mitambo wa kiwanda hicho, na wa mama yetu aliyeketi hapa mbele, ambaye ameniagiza niongeze kwamba mtoto huyu alianza kugonga sufuria kabla hajajua kutembea, nami nimeongeza. Mitambo ya kiwanda ilitukosesha usingizi sisi wengine, yeye ilimbembeleza, na wiki ile kiwanda kilipofungwa kwa matengenezo alilia mfululizo, mpaka baba akawa anakaa kando ya kitanda akigonga ukuta kwa kijiko ili mtoto alale.

Alianza darasa la kwanza Januari 1983, akamaliza la saba mwaka 1989, akaendelea na sekondari kuanzia 1990 hadi 1993, ambako alifaulu hesabu na hakufaulu kitu kingine chochote, na katika ripoti zake, ambazo ninazo zote kwenye faili, walimu saba tofauti waliandika sentensi ileile, kwamba mwanafunzi aache kupiga dawati. Mwaka 1995 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea redio na televisheni kwa miaka miwili.

Sasa tunafika kwenye kazi, na naomba mnivumilie. Kuanzia mwaka 1997 marehemu alikuwa fundi redio katika kibanda cha kupanga mkabala na kituo cha mafuta, na hiyo niliikubali kuwa kazi, maana ilikuwa na mlango, kufuli, na saa ya kufungua. Tarehe 2 Januari 2008 alikirudisha kibanda kwa mwenyewe, akajifungia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, akagongomea magodoro ukutani, akaweka kompyuta, kinanda kidogo na spika mbili, na tangu siku hiyo kila aliyeniuliza habari za mdogo wangu nilimjibu kwamba hajambo, ila hana kazi. Nimelisema hilo kwenye harusi, nimelisema kwenye misiba, nimelisema hata mbele ya watoto wake, naye alikuwa akicheka tu na kuniongezea chai.

Alichokuwa akifanya humo ndani ni muziki mtupu wa hip hop, usio na mwimbaji, ambao watu wa matangazo, wa filamu na wa vipindi vya televisheni hulipia ruhusa ya kuutumia chini ya maneno yao, mara nyingi kwa sekunde thelathini tu, ndiyo asili ya jina lake la Nusu Dakika, na masharti yao ni mawili, usimzidi sauti mtangazaji, na usikike kama umetengenezwa jana. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu muziki wa namna hiyo huchacha kama maziwa, kilichopendwa na vijana mwezi wa pili kinachekwa mwezi wa sita, na marehemu, mwenye mvi na miwani ya kusomea, alilazimika kila mwezi kujua dunia imehamia wapi.

Hapa lazima nikiri jambo. Kila Jumapili mchana, kwa miaka kumi na sita, marehemu aliniita chumbani mle, akanipa kiti kizuri, akanipigia midundo mitatu, akaniuliza kaka unaionaje, kisha akaandika maoni yangu kwenye daftari, nami nilijiona mshauri, nikawa natoa maelezo marefu, hata nikawaambia wastaafu wenzangu kwamba nina sikio. Wiki hii binti yake amenionyesha daftari hilo. Kuna safu nzima yenye kichwa “Kaka”, na kila mdundo niliousifu umeandikiwa “amependa, futa”. Wa tarehe 5 Aprili 2015 umeandikwa “ametikisa kichwa, hatari, futa haraka”. Wa mwezi uliofuata, ambao naukumbuka vizuri kwa kuwa uliniumiza meno, umeandikwa “amekasirika, ameacha chai, tuma leo hii”, na huo ndio mliousikia miaka mitatu kwenye tangazo la rangi za nyumba.

Ndoa. Tarehe 6 Desemba 2003 alimuoa shemeji yangu huyu, mshonaji, ambaye redio yake marehemu alikuwa ameitengeneza mara tatu bila kuwa na ubovu wowote, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 2005 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2010. Cherehani ya shemeji ilikaa upande wa pili wa ukuta wa magodoro, na mara nyingi, ukipita nje, hukuweza kujua nani anashona na nani anapiga muziki.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kuishiwa pumzi, tukampeleka hospitali, daktari akampima akasema moyo unakwenda mbio, mapigo mia moja na arobaini kwa dakika, naye akajibu kwamba daktari asihangaike, hiyo ndiyo kasi inayotakiwa sokoni sasa hivi. Daktari hakucheka siku ile, ila alikuja kucheka baadaye, walipozoeana. Alitibiwa akapata nafuu, akarudi chumbani kwake, hali ikabadilika tena mwishoni mwa Mei, na tarehe 11 Juni, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, akafariki akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Mimi nilikuwa kwenye korido nikijaza fomu. Ndivyo nilivyo, nikiogopa najaza fomu.

Na katika fomu hiyo, kipengele cha tisa, kazi ya marehemu, mkono huu uliozoea uliandika “hana”, na cheti kikatoka hivyo. Alhamisi shemeji alikisoma, akakikunja, akanirudishia, akasema, “Shemeji, umemjua miaka arobaini na tisa, umekula kwake kila Jumapili, halafu unamwandika hana? Simziki mume wangu na karatasi hii.” Niliona aibu, wapendwa, aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe.

Jana asubuhi nilikwenda na binti wa marehemu kwenye masjala yangu ya zamani, tukiwa na hati ya kiapo, na aliyekaa dirishani ni mama mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe, akaniomba barua ya mwajiri, kitambulisho cha kazi, au hati ya mshahara. Nikamweleza kwamba havipo. Akaniambia kwa upole, “Mzee, ni wewe uliyetufundisha kwamba asiye na karatasi hajafanya kazi.” Nikampa daftari, nikampa mikataba ya ruhusa ambayo binti aliichapa, akasema mikataba anaiona, ila haijui kazi yenyewe. Basi binti akaonyesha kwa kidole televisheni ya ukutani, iliyokuwa na tangazo la bima, akasema mdundo huo ni wa baba, namba mia nne na kumi na mbili kwenye daftari, na yule mama akauliza upi, maana kweli hakuna asikiaye muziki wa tangazo, na tangazo likapita.

Tukasubiri dakika arobaini lirudi, foleni nzima ikiwa imeshaambiwa habari yenyewe, watu waliokuja kuandikisha watoto na waliokuja kuandikisha wafu, wote macho juu. Liliporudi, mlinzi wa mlangoni alianza kutikisa kichwa, mtoto mchanga akanyamaza, na yule mama wa dirishani, bila kujijua, alikuwa akigonga muhuri mezani kwa kufuata mdundo. Alipojiona akasimama, akacheka, akafuta machozi, akanyoosha mkono nimpe fomu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao, na majirani wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na sita ya kutikisika kwa vyombo kabatini. Wateja waliokuwa wakimpa kazi hatuwajui kwa sura, ila mmoja wao ameandika juzi, akiwa hana habari, kuomba mdundo wake mmoja upunguzwe uwe wa sekunde kumi na tano na uwe wa kisasa zaidi kidogo, binti ameukata na kuutuma, nami nimemwandikia bwana huyo kumjulisha kwamba fundi wake amefariki, na kumshukuru kwa kumpa mdogo wangu kazi.

Cheti kipya ninacho hapa, nakisoma kama kilivyo. Kipengele cha tisa, kazi ya marehemu: mtengenezaji wa muziki.

Mdogo wangu, miaka yote nilikuwa nakuhimiza utafute kazi, na kumbe nilikuwa nakukatiza kazini. Nisamehe. Anayepumzika ni yule aliyechoka kwa kazi, na wewe, kwa maandishi na kwa muhuri, umefanya kazi. Pumzika sasa, Nusu Dakika, pumzika kwa amani.