Wa Kumpokea Oketch Zamu

Treni ya asubuhi ilipotoka Makadara, Warigia aliona picha kwenye simu ya mama aliyekaa kando yake: kijana wa ovaroli, nyuma yake meli. Wivu ukamshika.

"Mwanao huyo?"

"Oketch wangu," akasema yule mama, Amondi. "Mkataba uliisha Januari. Mwenye meli amefilisika, wenzake wamerudi makwao. Wakuu wa bandari wanasema meli haiwezi kuachwa bila mtu, kwa hivyo amebakishwa yeye. Anakunywa maji ya mvua, dada yangu."

"Peke yake? Basi ndiye kapteni!"

Amondi hakucheka. Warigia naye alijua amevuka mpaka, lakini vyeti vya ubaharia vya mwanawe Irungu vilikuwa vimetundikwa ukutani nyumbani Shauri Moyo mwaka wa tatu sasa, kwa sababu hakuna meli inayomtaka mtu ambaye hajawahi kusafiri baharini. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa: huyu analia, na mwanawe ana meli nzima!

"Hashuki mpaka apatikane wa kumpokea zamu," Amondi akafuta macho. "Na nani atakubali?"

Breki zikalia, abiria wakasimama. Warigia alikuwa ameshachomoa kalamu, anaandika namba ya Irungu nyuma ya tiketi yake.