Chai ya Shanzha na Vidonge Nilivyovificha

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe asubuhi ya leo. Wengi mnanijua, mimi ni Dada Tabitha, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kazi yangu ni kutunza wazee hapa Barking, Landani. Nimemwomba mchungaji dakika chache na nitazitumia zote, maana nina neno la kusahihisha.

Mtakumbuka kabla ya Pasaka nilisimama hapahapa nikasema Bwana ameniponya presha. Mlishangilia, rafiki yangu Mama Kulwa akalia. Ndugu zangu, wiki ile kipimo kilikuwa kimeshuka, nami nikakimbilia madhabahuni kabla sijaongea na daktari. Nilipokwenda, akaniambia vidonge ndivyo vilivyoishusha, na nisithubutu kuviacha. Sasa ningewaambia nini? Nikanunua chupa ya vitamini, nikamwaga vitamini, nikatia vidonge vya presha. Mkiniona nameza mnasema Dada Tabitha anajitunza. Nilikuwa nawadanganya mchana kweupe.

Baadaye tumbo likaanza kunisumbua. Nikila nyama linajaa, nabeua mpaka naona aibu. Mama Kulwa akanipeleka kwenye duka la dawa za Kichina, ambako yeye aliwahi kusaidiwa. Mwenye duka, mama wa makamo, alinitazama ulimi, akanishika mshipa wa mkono, akafungua droo na kutoa vipande vyekundu vya matunda yaliyokaushwa. Wanayaita shanzha. Kwao ni dawa ya tangu zamani ya tumbo lililolemewa na nyama na mafuta, na wanasema inasukuma damu pia. Mti wa jamii hiyohiyo umejaa hapa Landani kwenye nyua za bustani, ule wa miiba na vitunda vyekundu, tunaupita kila siku.

Lakini kabla hajapima chochote aliniuliza: unatumia dawa ya hospitali? Ya presha, ya moyo?

Mama Kulwa akadakia kabla sijafungua mdomo. “Huyu? Huyu Mungu kamponya, mama. Hana hata kidonge kimoja nyumbani.”

Wote wawili wakanitazama. Nikasema, “Kweli, situmii kitu.”

Basi yule mama akanipimia kidogo, kikombe kimoja baada ya chakula. Chai yake ina uchachu kama ukwaju, na tumbo lilitulia, hilo silifichi. Nami kwa tamaa yangu nikaanza kuchemsha chupa nzima ya chai, naenda nayo kazini, nakunywa tangu asubuhi, na vidonge nameza vilevile. Kizunguzungu kikaanza. Nikajiambia ni uchovu wa shifti.

Jumanne moja nilikuwa namwinua kitini bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, ambaye tunaongea naye Kiswahili kutwa. Macho yakaingia giza. Nikaanguka, na yeye nikamvuta, akaniangukia juu. Nilizinduka namsikia anasema, “Wewe mtoto, amka bwana! Sasa nani atanishika mimi?” Huku anapapasa kamba ya kengele. Hakuumia, namshukuru Mungu. Angevunjika nyonga, ningeuweka wapi uso wangu?

Hospitali nesi akaniuliza swali lilelile la dukani: unatumia dawa gani? Na Mama Kulwa alikuwa ameshafika, amenishika mkono, anaomba. Ndugu zangu, niliogopa kuliko nilipoanguka. Lakini niliona kwamba nikidanganya hapa, watanitibu kwa uongo wangu, na nitakufa nao.

Nikasema, “Mama Kulwa, nifungulie mkoba. Ile chupa ya vitamini si vitamini, ni vidonge vya presha. Na kwenye chupa ya chai mna shanzha.”

Akaniachia mkono. Iliniuma sana. Daktari akaeleza kwamba vitu hivyo viwili huenda vilikuwa vinaivuta presha chini pamoja, tena mimi nazidisha. Mama Kulwa akanishika tena mkono. “Mimi ndiye niliyekujibia dukani,” akasema. “Nisamehe, mwenzangu.”

Nilipopata nafuu nilirudi kwa yule mama wa Kichina kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniandikia jina la tunda lake kwenye karatasi nimpelekee daktari, na akakataa kuniuzia hata kipande mpaka daktari akubali. Yule bibi naye, kila nikiingia kazini ananiuliza kama nimekula.

Kwa hiyo nasahihisha neno langu. Presha bado ninayo. Siku Bwana atakapoiondoa, daktari ataiona kwanza, nami nitarudi hapa na karatasi yake mkononi. Alichoniondolea ni uongo, uliokaribia kuniua na kumvunja bibi wa watu. Kwa hilo namshukuru kwa moyo wangu wote, na sirudi nyuma.

Kuna mtu hapa ana kitu amekificha mkobani kwa sababu yetu sisi. Sikuulizi ni nini. Mwamini Mungu kiasi cha kusema kweli mbele ya watu wake, nasi tutakupokea. Mimi naanza. Hiki hapa kidonge changu cha asubuhi, nimekuja nacho makusudi. Mama Kulwa, uko wapi mwenzangu? Niletee maji.