Bi. Everlyne Chelimo na Mabandiko ya Naitiri

Ifikapo tarehe 30 Septemba 2025, Bi. Everlyne Chelimo atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha utafiti wa dawa, Kitale, na siku hiyo hiyo atastaafu. Katika miaka hiyo alichelewa kazini mara moja tu, akaandika barua ya kuomba radhi yenye kurasa mbili. Nakala imo katika faili.

Alianza mwaka 1993 akihesabu vidonge. Kila chupa aliihesabu mara mbili, na mara ya tatu iwapo mtu alipiga chafya chumbani. Zilipokuja sindano za kudumu miezi mitatu, alisoma maelezo yote, kisha akauliza swali ambalo mwandishi wa maelezo hayo hakulifikiria.

Swali lake kubwa lilikuja mwaka jana. Tulikuwa tukijaribu bandiko la ngozini linalopenyeza dawa ya presha mwilini kidogo kidogo kwa siku saba. Wagonjwa arobaini wa Kiminini na Naitiri walibandikwa mkononi. Mwezi wa pili presha za zaidi ya robo yao zilikuwa hazijashuka, na wafadhili wakaandika kwamba zisiposhuka, utafiti utafungwa. Wakubwa walilaumu gundi. Bi. Chelimo aliuliza ni nani mwingine anayeishi katika nyumba hizo.

Akaenda Naitiri kwa Mzee Wangila, mmoja wa wagonjwa hao, akamkuta hana bandiko mkononi. Bandiko lilikuwa mkononi mwa mkewe, Mama Nangila, limeshikizwa kwa plasta.

“Si ni ya wiki moja, daktari?” Mzee alieleza bila haya. “Mimi navaa mpaka Alhamisi, mama anamalizia. Na yeye ako na presha. Sasa nitakulaje dawa peke yangu na yeye ananiangalia?”

“Na ananipunja,” Mama Nangila alishtaki. “Yeye siku nne, mimi tatu!”

Nyumba kumi na moja zilikuwa na utaratibu huo. Ilipendekezwa ziondolewe kimya kimya katika takwimu. Bi. Chelimo alikataa kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi. Aliwaandikia wafadhili kosa lote, akatia jina lake chini, na akashauri wenzi wenye presha wapimwe na kuandikishwa wote wawili, kila mmoja na bandiko lake. Kwa wiki sita hatukujua kama tungekuwa na kazi. Walikubali. Presha zilishuka, kwa kuwa hakuna muuguzi anayemkagua mgonjwa kama mke aliyewahi kupunjwa.

Kanuni zilimkataza kupokea zawadi za wagonjwa utafiti ukiendelea, naye alizirudisha zote, hata maparachichi. Utafiti ulikamilika rasmi Ijumaa iliyopita. Tangu Jumamosi asubuhi majogoo kumi na mmoja wamewasili ofisini kwa jina lake, nao wamefungiwa katika chumba cha mizani.

Bi. Chelimo, tunakushukuru kwa kazi uliyotuokolea. Upumzike kwa utulivu nyumbani Matisi, wewe na jamaa yako, mkiwa na afya njema. Lakini kabla ya kupumzika, tafadhali uje uwachukue. Wanawika katikati ya mikutano.