Kamba ya Theuri

Ndani ya basi la kutoka Nyeri, Murugi alikuwa ameweka kamba mpya ya katani chini ya kiti, akaifunika kwa sketi. Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na ndugu yake Theuri, ambaye hakuwa amelala tangu Jumapili, na sasa amejifungia jikoni akigombana na watu wasioonekana. Majirani walikuwa mlangoni wakisubiri kamba.

Kiti cha mbele yake, askari mwanamke alikuwa akimweleza mzee mmoja kwamba yeye ndiye hupokea simu za dharura pale stesheni ya polisi, na wametoka tu kufundishwa. "Zamani mtu akisema ndugu yake amerukwa na akili, nilikuwa nauliza kitu moja: mmemfunga? Sasa tunauliza anaitwa nani, na nani anamsikiza. Watu watoke mlangoni, mmoja aongee na yeye pole pole."

"Na akitoka na panga?"

"Ndiyo maana nasema mpige simu mapema."

"Simu gani? Kwetu iko moja, na chifu ameitia kufuli."

Abiria wakacheka, kufuli ya chifu waliijua wote. Askari hakucheka. "Lakini kamba inamwogopesha zaidi, mzee."

"Si afadhali aogope yeye kuliko sisi?"

Murugi alinyoosha shingo asikie jibu. Basi likasimama kituo cha Chaka kabla askari hajajibu. Murugi akashuka haraka, mikono mitupu.

"Mama! Wewe mama!" Askari alikuwa dirishani, anatabasamu, akimnyooshea kamba. "Umesahau ya ng'ombe!"

Murugi aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante.