Kilo Themanini na Moja

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Nani mwenzako? Dada yako wa tumbo moja, na namba yangu hujaihifadhi mpaka leo.

FUNDI: Shikamoo, dada. Simu ndiyo ilifuta—

DADA: Marahaba. Simu haifuti mtu, mtu ndiye anayefuta. Niko kwa daktari wa mifugo, nimesimama dirishani na nyuma yangu kuna foleni ya paka. Mbwa wako Bosi anaendeleaje?

FUNDI: Anajikuna.

DADA: Na vile vidonge vya wiki nzima nilivyokuletea?

FUNDI: Siku ya tatu aliacha kujikuna. Nami nikaacha kumpa.

DADA: [anavuta pumzi] Ukaacha.

FUNDI: Kapona, ya nini kumlisha kemikali? Mbwa wa baba alijikuna miaka kumi na hakuna aliyemwita daktari.

DADA: Na alikufa mgongo mweupe kama kiti ulichokivua kitambaa. Aleji haiishi kwa siku tatu, mtaalamu. Unamfungia humo karakana, vumbi la sponji mpaka kwenye kope, halafu unashangaa akijikuna.

FUNDI: Mbona mimi sijikuni?

DADA: Ngozi yako ilishakata tamaa. Sikia, daktari hatoi dawa ya mwezi bila kujua uzito. Nilikwambia jana umpime kwenye mizani yako ya sponji. Umempima?

FUNDI: Nimempima asubuhi. Themanini na moja.

DADA: Themanini na moja nini?

FUNDI: Kilo.

DADA: Subiri. [sauti za mbali, mtu anacheka] Daktari anauliza kama ana pembe.

FUNDI: Mwambie aje ampime mwenyewe kama—

DADA: Umempimaje?

FUNDI: Hatulii peke yake. Nikambeba, nikapanda naye.

DADA: Na uzito wako ukautoa?

FUNDI: Uzito wangu?

DADA: Fundi makochi huyu. Anakata kitambaa bila kupoteza hata nusu inchi, halafu—

FUNDI: Basi utoe wewe. Mimi ni sabini na nane. Si ulikuwepo nilipopimwa zahanati mwaka jana?

DADA: Themanini na moja, toa sabini na nane. Tatu. Bosi ana kilo tatu. Kuku wa jirani anamzidi.

FUNDI: Mizani mbovu, basi.

DADA: Simu mbovu, mizani mbovu, mzima ni wewe tu. Subiri... Msaidizi wake kaikuta kadi ya chanjo. Ilikuwa kwenye droo muda wote huu, na hawa nao. Mwezi uliopita Bosi alikuwa na kilo thelathini.

FUNDI: Haya, aandike thelathini tumalize. Nina kochi la watu hapa.

DADA: Thelathini. [mtandao unakwaruza]

FUNDI: Haloo? Dada? Umekatika?

DADA: Nipo. Nilikuwa natoa.

FUNDI: Unatoa nini?

DADA: Panda mizani. Peke yako.

FUNDI: Kwani anayepewa dawa ni mimi?

DADA: Panda.

FUNDI: [vishindo, chuma kinalia]

DADA: Ngapi?

FUNDI: Hamsini na moja.

DADA: Na viatu?

FUNDI: Na viatu.

DADA: Na hilo ovaroli lako kama hema. Ndiyo maana sikuona. Unakula nini wewe?

FUNDI: Nakula.

DADA: Nimekuuliza unakula nini.

FUNDI: Tangu wifi yako atutoke, Bosi hagusi bakuli lake. Alizoea kula kwenye sahani ya mama yake. Nikiweka yangu chini, anakula. Na daktari alisema kidonge kiende na chakula, sasa ningefanyaje?

DADA: Na wewe?

FUNDI: Huwa anaacha kidogo.

DADA: Miezi saba. Miezi saba naja hapo mlangoni, nakutukana wewe na vumbi lako, nageuza narudi zangu.

FUNDI: Nilishazoea, da—

DADA: Usizoee. Bwege wewe. Na mimi bwege mwenzako. Umenitisha, unanisikia?

FUNDI: Nakusikia.

DADA: Bosi kidonge kimoja kila asubuhi, ajikune asijikune, mpaka daktari aseme basi. Na ahame humo karakana leo, alale ndani ya nyumba.

FUNDI: Ndani hakuna mtu, dada.

DADA: Wewe si mtu? Kwani unalala wapi?

FUNDI: Humu humu.

DADA: Kwenye sponji. Na mbwa.

FUNDI: Ni laini.

DADA: Mungu nipe subira. Nakuja sasa hivi na dawa na sufuria. Salio langu limeshalia mara mbili, kwa hiyo usinibishie. Andaa sahani tatu. Ya Bosi iwe chini, pale pale pembeni ya meza, aone sote tunakula. Nitakukalia mpaka umalize yako.

FUNDI: Sahani ipo moja.

DADA: Moja? Sita nilizinunua mwenyewe siku ya harusi yenu.

FUNDI: Zipo. Zimo kabatini. Alizipanga yeye, dada. Ile siku ya mwisho aliziosha akazipanga, nami sijaweza kuzigu—

[simu inakatika]