Raheli Tobia Shemndolwa, Aliyeshona Miisho ya Vitabu

Ndugu waombolezaji, wazee wangu shikamooni. Mimi ni Modesta, mdogo wake marehemu. Dada alinitaka nisome mimi habari zake na alinikataza kuzipamba. Mlioketi viti vya mbele mtanivumilia.

Raheli alizaliwa Kwai tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Tobia Shemndolwa na Mama Sesilia. Alibatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1976.

Shule ya msingi aliisoma hapohapo Kwai, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Hakuchaguliwa kuendelea, hivyo baba alimpeleka Lushoto kujifunza ushonaji. Kusoma hakuacha. Tulipotumwa kuni, mimi nilikata naye alisoma. Jioni tulichapwa wote wawili, na yeye machozi yake yalikuwa ya yule binti wa kitabuni aliyeachwa na mchumba. Fimbo hata hakuisikia.

Mwaka 1981 alifungua chumba cha cherehani Soni, akawa anashona sare za shule na magauni ya harusi. Nyuma ya cherehani aliweka sanduku la mbao lililojaa riwaya za mapenzi. Siku za soko wanawake waliteremka milimani na kabichi zao, wakapanda na riwaya kikapuni. Raheli hakumwachia mtu achague. Alikupima kwa macho kama anavyopima kiuno, akasema, "Wewe umemchoka mumeo, chukua huyu bwana anayejua kuomba radhi." Aliyefiwa alipewa kitabu ambamo hafi mtu.

Tena alikuwa na sharti lake. Sura ya mwisho ya kila kitabu aliishona kwa uzi mwekundu, maana wapo waliokuwa wakianzia mwisho, na wengine humu nawaona. Ukifika kwenye uzi, unarudi kwake. Anakumiminia chai, anakuuliza, "Unadhani hawa watafikia wapi?" Ukishajibu ndipo anashika mkasi na kukufumulia. Ndoa ngapi za Soni zilitengenezwa kwenye chai ile, mnajua wenyewe.

Mumewe alimpata hapo. Yohane Shekalaghe, dereva wa lori la mboga, alileta suruali ifupishwe, akaondoka na riwaya. Wiki iliyofuata akairudisha riwaya na suruali ileile, eti bado ndefu. Walipofunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 suruali ilikuwa kaptula. Walijaliwa watoto wawili, Kristian na Naomi.

Mwaka 2015 Yohane alipata kiharusi. Hakuweza tena kusoma, kwa hiyo mkewe akawa anamsomea kila alasiri. Kitabu chao cha mwisho kilikuwa cha zamani, kimepigwa chapa Tanga nakala chache, habari za Sabra, muuza machungwa wa Muheza, na karani Ismaili aliyeahidi kumuoa. Tarehe 3 Machi 2016 walifika kwenye uzi mwekundu. Yohane akasema, "Mama Kristian, fumua." Raheli akaenda chumba cha pili kuchukua mkasi. Aliporudi, mumewe alikuwa ameshaondoka.

Aliyeingia mlangoni wakati ule alikuwa Edgar, mdogo wake Yohane, mzee wa kanisa. Alimkuta shemeji yake amesimama, kitabu mkono huu, mkasi mkono ule. Hakumuuliza kitu. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, hapahapa nilipo, na alisoma hivi: "Kaka yangu alikata roho peke yake, mkewe akiwa ameshika kitabu cha mapenzi." Yakachapishwa na kwenye ratiba. Ninayo.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Edgar ulivunja nyumba. Wanawake wa kanisa walimvua Raheli uongozi wa kikundi chao. Sare zikapelekwa kwa fundi mwingine. Kabla matanga hayajaisha, Edgar alibeba sanduku zima la vitabu, akatangaza anakwenda kulichoma. Dada hakubishana. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameshaikata ile sura ya mwisho ambayo Yohane hakuisikia, akaiweka ndani ya Biblia yake, mahali ambapo Edgar hakufikiria kupekua.

Wa kwanza kurudi alikuwa rafiki yake Hadija, muuza mboga wa Soni. Alitafuta vitabu vingine, akavipanga chini ya meza ya karoti, na uzi mwekundu ukaendelea. Hapo mezani, mwaka 2023, alifika mteja amevaa kofia mpaka kwenye nyusi.

"Onga mshi, Mzee Edgar. Shikamoo," Hadija alimsalimia.

"Marahaba. Hadija, hivi... kile kitabu cha Sabra wa Muheza, huna nakala nyingine? Yangu imekatika mwisho."

"Yako?" akauliza Hadija.

Basi hakuchoma hata kimoja. Miaka saba alikuwa anasoma vitabu vya shemeji yake, amejifungia, huku Jumapili anatuonya sisi wanawake tusivisome. Hadija alifunga meza saa ileile akapanda kwa dada. Raheli alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, "Mwambie mwisho ninao. Aje aniombe radhi palepale aliponitukana, mbele ya watu. Nitamfumulia, na chai nitampa." Ujumbe ulifika. Mwombaji hakufika.

Dada alianza kuugua figo mwaka jana. Madaktari na wauguzi waliomhudumia tunawashukuru sana. Edgar alimtembelea nyumbani mara moja, akaleta mapera, akasali sala ndefu. Nikaona anazungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe akatoa: "Shemeji, hivi yule Sabra... aliolewa?" Raheli alimwangalia. Alimpa muda wa kutosha kusema neno lingine. Halikuja. Akasema, "Nimechoka, shemeji," akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nasema mkono wangu ulikuwapo ili mtu asije akaandika vingine. Mimi simsamehe Edgar, na dada hakuniagiza nimsamehe. Aliagiza kitu kimoja tu. Sura ile tumemwekea chini ya viganja vyake, pamoja na miwani, maana Yohane anasubiri kusomewa. Hadija na wenzake wanaoujua mwisho wameapa hawatausema. Jeneza limeshapigiliwa misumari.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja ambaye ni mimi, meza ya vitabu Soni, na shemeji mmoja ambaye hatajua kamwe kama Sabra aliolewa.

Lala salama, dada. Msomee taratibu.